Samaki Akilala Ubavu

Simu inayolia kabla ya saa kumi na mbili alfajiri mara nyingi huwa ya msiba. Hii ilikuwa ya mtoto wa dada yangu, mwanafunzi wa darasa la tano, na sauti yake ilikuwa ya msiba kwelikweli. "Shikamoo mjomba. Machungwa amelala ubavu juu ya maji. Anahema, lakini hageuki." Nikaitikia, nikamuuliza haraka haraka: maji yalibadilishwa lini, jana alikula nini, usiku umeme ulikatika? Nyuma yake nilimsikia mama yake akisema kuna duka mjini linauza dawa ya samaki ya rangi ya buluu, atumwe kijana wa bodaboda. Nikaomba nizungumze na mama. "Dada, dawa isiingie humo hata tone. Yale maji ya akiba ya ndooni, ya tangu juzi, bado yapo?"

Yalikuwapo. Mji wetu huu wa mabomba yanayokohoa umetufundisha kuweka akiba, na akiba hiyo ndiyo iliyomfaa Machungwa.

Machungwa ni samaki wa dhahabu, yule wa rangi ya chungwa mwenye mkia kama shela, ambaye wauzaji wengi humwita goldifishi. Watu humnunua wakimdhania pambo la msimu, atakaa miezi mitatu kisha atakwenda zake. Si kweli. Samaki huyu akitunzwa vizuri huishi miaka kumi, hata ishirini. Uingereza aliwahi kuwapo mmoja aliyeitwa Tish, aliyepatikana kama zawadi ya mchezo gulioni mwaka 1956, akafa mwaka 1999 akiwa na miaka 43. Kwa hiyo samaki anapougua mwezi wa pili baada ya kufika nyumbani, usiseme siku zake zimetimia. Tafuta kilichomsibu, na uanze kutafuta pale alipo, yaani kwenye maji.

Samaki hula, hupumua na hujisaidia katika chumba kimoja kisicho na dirisha. Sehemu kubwa ya taka ya mwili wake haitoki nyuma. Hutoka kwenye matamvua kila anapopumua, ikiwa amonia, ileile inayokuchoma pua ukiingia banda la kuku lililokaa bila kufagiliwa. Kwenye bwawa kubwa amonia hiyo hupotea. Kwenye bakuli la lita kumi hurudi kwake mwenyewe na kumchoma matamvua. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoishi kwenye chujio na kwenye kokoto. Kundi moja hugeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na kundi lingine hugeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia mpaka izidi sana. Bakteria hawa huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Ndiyo maana samaki wengi hufa wiki ya pili au ya tatu baada ya kununuliwa, tangi likiwa bado linang'aa kama glasi ya harusi. Maji maangavu si lazima yawe maji safi, kwa sababu amonia haina rangi.

Haya niliyajua kwa kuua. Samaki wangu wa kwanza alipoanza kukaa pembeni na mapezi ameyabana mwilini, nilifungua kabati, nikachukua vidonge viwili vya tetrasaiklini vilivyobaki baada ya mtu kuugua, nikavifungua na kumwaga unga wake majini. Maji yakageuka rangi ya chai na kutoa povu. Baadaye nilijifunza kwamba dawa hiyo hunaswa na kalsiamu ya maji magumu, na maji mengi ya visima vyetu ni magumu, hata nguvu yake kwa ugonjwa ikapungua. Zaidi ya hapo, antibayotiki haibagui: bakteria wa kwenye chujio nao huwekwa hatarini. Siku ya tatu nilimkuta samaki chini, ametulia. Nilikuwa nimemtibu bila kupima maji, na maji ndiyo yaliyokuwa ugonjwa.

Kwa hiyo saa ya kwanza fanya hivi. Usimlishe. Usimshike. Vuta kiti, umtazame dakika kumi. Je, yuko juu akivuta hewa kwa mdomo? Yuko chini, amejibana? Anajisugua kwenye kokoto kana kwamba anawashwa? Tumbo limevimba? Mtazame kutoka juu pia, maana kuna mambo hayaonekani kwa ubavuni. Kisha pima maji. Vichupa vya matone vya kupimia amonia na naitraiti huuzwa na wanaouza samaki wa mapambo. Bei yake inauma, lakini seti moja hupima mara nyingi. Amonia inatakiwa isome sifuri, na naitraiti sifuri. Chochote juu ya hapo ni jibu tosha. Ukikosa kipimo, chukulia kwamba amonia ipo, na utakuwa sahihi mara nyingi kuliko kukosea.

Halafu badilisha maji, theluthi hadi nusu, na kesho tena, na keshokutwa tena. Maji mapya yawe na joto lileile la yaliyomo. Kwa samaki anayeumwa, tofauti ya nyuzi tano ndani ya dakika moja si jambo dogo. Maji ya bomba yana klorini, ambayo huchoma matamvua na kuua bakteria wa chujio. Yakikaa wazi kwenye ndoo kwa saa 24, klorini ya kawaida huondoka yenyewe. Kama huna muda huo, kuna dawa ya matone ya kuondoa klorini, na ndicho kichupa pekee ninachomshauri mtu awe nacho kabatini hata kabla hajanunua samaki. Ndoo iwe ya samaki tu, isiyowahi kuonja sabuni.

Ila kuna tahadhari moja ambayo wengi hawaambiwi. Tangi lililosahauliwa miezi, ambalo mtu amekuwa akiongeza maji tu bila kuyabadilisha, huwa limegeuka kuwa na asidi. Ndani ya asidi hiyo amonia hujificha katika hali isiyodhuru sana. Ukimwaga nusu ya maji na kuweka mapya kwa mpigo, asidi hupungua na amonia hurudi kwenye ukali wake, na samaki anakufa mikononi mwa mtu aliyekuwa anamsaidia. Tangi la namna hiyo libadilishwe sehemu ya tano tu, mara mbili kwa siku, kwa siku kadhaa.

Na chujio, tafadhali, lisioshwe kwa maji ya bomba. Likamue sponji lake ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, mpaka matope yapungue, basi. Ukiliosha likawa jeupe kama jipya, umewaua wafanyakazi wote na kuanza wiki zile sita upya.

Joto nalo lina kesi yake. Asili ya samaki huyu ni China, walikomzalisha mabwawani zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na hupenda maji ya nyuzi 18 hadi 24. Kusema kweli yeye ni samaki wa Arusha, Iringa na Nairobi kuliko wa Dar es Salaam au Mombasa, ambako maji ya tangini hufika nyuzi 29 au 30 wakati wa kiangazi. Kadiri maji yanavyopata joto ndivyo yanavyobeba oksijeni kidogo, na wakati huohuo mwili wa samaki unaidai zaidi. Ukipuliza feni juu ya maji, yatapoa kwa nyuzi mbili tatu, kwa kanuni ileile inayoyapoza maji ya mtungini. Maji yatakuwa yanapungua, nawe uyaongeze kila siku. Chupa ya maji ya barafu iliyofungwa vizuri inaweza kuelea humo saa za mchana, mradi joto lishuke taratibu.

Umeme ukikatika usiku, pampu ya hewa ikinyamaza, kazi ni ya mkono. Ondoa kifuniko, chota maji kwa jagi, yamimine kutoka juu ili yapige yale ya chini, mara ishirini au thelathini, kila baada ya nusu saa samaki anapoonekana juu akihema. Inachosha, najua. Ukiwa na beseni pana, mhamishie humo pamoja na maji yake mwenyewe: maji yaleyale yakitandazwa kwenye beseni hukutana na hewa nyingi kuliko yakiwa yamesimama kwenye bakuli refu. Pampu ndogo ya betri ni bora kuliko yote haya.

Sasa tuje kwenye madoadoa meupe, ugonjwa unaoongoza kwa kutajwa. Samaki anaonekana kama amenyunyiziwa chumvi ya mezani, mwilini na mapezini, na anajisugua. Hao ni vimelea, na kila punje ni mmoja wao aliyejichimbia chini ya ngozi. Kabla hujaendelea, angalia vizuri madoa yalipo. Yakiwa kwenye vifuniko vya mashavu tu na kwenye ukingo wa mbele wa mapezi ya kifuani, yamepangika kama chunjua ndogo, na samaki ana afya, basi huyo si mgonjwa. Ni dume aliyefikia kuoa. Nimeshawahi kuletewa bwana harusi wa namna hiyo akiwa amelowekwa kwenye dawa siku nne.

Vikiwa vimelea kweli, jua tabia yao, maana bila kuijua utatibu na kukata tamaa. Kimelea kikishiba hudondoka kutoka mwilini, hushuka chini, hujifunika, na humo ndani hugawanyika kuwa mamia ya watoto. Watoto hao hutoka na kuogelea kutafuta samaki, na wasipompata ndani ya siku mbili hivi hufa. Kimelea kikiwa ndani ya ngozi, dawa haikifikii. Kikiwa kimejifunika chini, haikifikii. Hupatikana pale tu kinapoogelea. Ndiyo maana siku ya tatu madoa yakitoweka watu hushangilia na kuacha tiba, na wiki inayofuata yanarudi mara kumi. Kwa joto la pwani mzunguko mzima ni siku chache tu, kwa hiyo tiba ya siku 10 hadi 14 inatosha. Kwenye baridi ya nyanda za juu mzunguko hurefuka, na tiba nayo irefuke. Kwa sababu watoto wa vimelea wako tangini, tibu tangi zima, si samaki mmoja kwenye ndoo.

Dawa yangu ya kwanza hapa ni chumvi. Chumvi ya mawe ya kawaida, isiyochanganywa na kitu kingine. Kiwango ni gramu 3 kwa kila lita, nawe lazima ujue lita zako: zidisha urefu, upana na kimo cha maji kwa sentimita, gawanya kwa 1,000. Tangi la sentimita 60 kwa 30 lenye maji ya kimo cha 30 lina lita 54, toa kidogo kwa ajili ya kokoto, ziwe 50. Chumvi ni gramu 150. Nenda kwa mwenye duka akupimie kwenye mizani, usikadirie kwa kiganja. Igawe mafungu matatu, yeyusha fungu moja kwenye jagi la maji ya tangi, mimina polepole, subiri saa 12, fungu la pili, saa 12 nyingine, la tatu. Chumvi haipai hewani pamoja na maji. Maji yakipungua kwa joto, ongeza maji matupu, na ukibadilisha lita kumi, rudishia gramu 30 tu. Watu huua samaki kwa kusahau hesabu hii ndogo. Majani hai yaliyomo tangini mengi hayataipenda chumvi, yahamishe.

Chumvi ina kazi nyingine isiyosifiwa sana. Kama kipimo kimeonyesha naitraiti, gramu 1 kwa lita huizuia isipenye kwenye matamvua na kuharibu damu, wakati unaendelea kubadilisha maji. Na kwa mapezi yaliyoanza kuliwa kingo, yakiwa na weupe au wekundu, maji safi kila siku na chumvi kidogo huponya mengi kabla hujafikiria dawa. Ukiona kingo hizo zinageuka nyeusi wakati maji yamekuwa mazuri, usishtuke. Mara nyingi huo weusi ni kovu la kupona.

Ile dawa ya buluu, na nyingine ya kijani, zina mahali pake, pale chumvi iliposhindwa na wewe una hakika unatibu nini. Fuata kipimo cha kwenye chupa, wala usichanganye mbili kwa pamoja kwa kutafuta nguvu.

Turudi kwa Machungwa na ubavu wake. Samaki wa dhahabu wa umbo la mviringo, wenye mwili kama yai na mkia wa mapambo, wamezalishwa hivyo na watu, na ndani ya umbo hilo utumbo na kifuko cha hewa vinabanana kama abiria wa daladala ya jioni. Samaki huyu hana tumbo la kuhifadhia chakula, kwa hiyo kinachoingia kwa wingi hukwama utumboni. Akila punje kavu zinazoelea humeza na hewa juu yake. Hapo hupoteza mizani: anaelea, anapinduka, au anazama kichwa chini. Mpwa wangu alikiri kwamba usiku ule alimpa "kidogo tu," viganja viwili, kwa sababu ilikuwa siku ya kuzaliwa ya samaki.

Tuliyafanya mambo matatu. Tulibadilisha maji nusu kila asubuhi, maana lile bakuli lake la lita 20 lilisoma amonia. Tulimhamishia kwenye beseni pana lenye maji ya kimo cha kiganja, ili asihangaike kupanda na kushuka. Na tulimfunga saumu siku tatu kamili. Samaki mzima huweza kukaa wiki bila chakula, kwa hiyo usimwonee huruma. Siku ya nne alipewa njegere moja iliyochemshwa bila chumvi, ikamenywa ganda, ikapondwa vipande vya ukubwa wa jicho lake. Njegere hizo zina sifa kubwa miongoni mwa wafugaji. Mimi naamini saumu ndiyo hufanya kazi kubwa na njegere hupokea shukrani. Siku ya tano Machungwa alikuwa wima, ameinama kidogo upande wa kushoto kama mtu aliyebeba mkoba. Tangu hapo punje zake hulowekwa kwanza mpaka zizame, na amehamia tangi la lita 80, ambalo dada yangu analiita kabati la maji.

Si wote huinuka. Samaki ambaye magamba yamesimama mwili mzima kama tunda la msonobari, tumbo limejaa maji, macho yamemtoka, figo zake zimeshindwa kazi. Mtenge kwenye ndoo ya peke yake yenye maji safi, tulivu, chumvi gramu 1 kwa lita, umpe siku chache. Wachache hurudi. Daktari wa mifugo anaweza kukusaidia kupata antibayotiki ya kuchanganywa na chakula, kama samaki bado anakula, ingawa wengi utakaowapata mtaani wamezoea ng'ombe na kuku na watakutazama mara mbili. Usione haya, uliza.

Wakati wote huo nawa mikono baada ya kugusa maji, usiyatie mikono yenye vidonda, na usinyonye mpira kwa mdomo ili maji yaanze kutoka. Kuna bakteria wa matangi wanaosababisha vidonda vya ngozi kwa binadamu, na huchukua miezi kupona.

Samaki akifika pasipo na kurudi, hali, hasogei, anahema tu, unayo njia ya huruma iliyo karibu nasi: mafuta ya karafuu. Yaleyale ya Unguja na Pemba ambayo bibi hupaka jino linalouma. Kinachofisha ganzi jino ndicho kinachomlaza samaki. Mtie kwenye bakuli lenye lita moja ya maji yake mwenyewe. Kwenye chupa ndogo yenye maji ya vuguvugu tikisa matone manne ya mafuta mpaka maji yawe meupe, mimina taratibu, subiri alale. Kisha tikisa mengine, nusu mililita ukipima kwa bomba la sindano, mimina yote. Matamvua yakisimama, mwache humo nusu saa nzima kabla ya kumtoa. Usimwache afe kwenye friji, usimtupe chooni akiwa hai, wala usimpeleke mtoni au ziwani ukidhani umemwachia huru. Mgeni huyo hula mayai ya wenyeji na kuwapelekea maradhi.

Wangu wa mwisho aliyekwenda hivyo nilimzika chini ya mpapai, kina cha kutosha paka asimfikie. Mpwa wangu aliuliza kwa nini sinunui mwingine kesho yake, tangi si lipo? Nikamwonyesha kipimo, tukakubaliana wiki sita. Pampu ikaendelea kunguruma, na kila asubuhi tulitia punje mbili za chakula kwenye maji yasiyo na samaki, ili bakteria nao wapate kula.